Baridi Yabisi ya Vidole na Moyo wa Mama

Mama mmoja msomaji wetu ametuandikia barua ya kurasa tatu. Ana umri wa miaka 38 na watoto wawili. Tangu mwaka jana vidole vya mikono yake yote miwili huvimba na kukakamaa kila asubuhi, hata kufunga vifungo vya sare ya mtoto humshinda mpaka jua lipande. Hospitali wamemwambia ni baridi yabisi, wakampa vidonge vya kumeza mara moja kwa juma. Jirani yake wa kulia amemtisha kwamba ugonjwa huo huingia moyoni. Jirani wa kushoto amecheka na kusema hayo ni maneno tu, baridi yabisi ya moyo ni ugonjwa wa watoto wa shule. Anauliza, nani mkweli? Na mwisho wa barua, kwa herufi ndogo kana kwamba anaona haya, ameuliza jambo la pili. Hilo tutalijibu mwishoni.

Akina mama wapendwa, jirani wa kulia amesema kweli. Wa kushoto naye hakusema uongo, ila amechanganya magonjwa mawili ambayo sisi Waswahili tumeyapa jina moja.

Lipo la watoto, yaani homa ya baridi yabisi. Huanza na koo linalouma kwa sababu ya vijidudu, na aghalabu huwapata watoto wa miaka 5 hadi 15. Majuma mawili au matatu baadaye mtoto hupata homa, na maumivu yanahama: leo goti, kesho kiwiko. Maungio yakipona hayabaki na kilema, lakini milango ya moyo huweza kubaki imeharibika maisha yote. Ndiyo maana watoto hao huchomwa sindano ya penisilini kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo asikose hata sindano moja.

La pili ndilo la mama aliyetuandikia. Hili hasa ni la watu wazima, na wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wengi wakiwa kati ya miaka 30 na 60, yaani wakati ule ule nyumba nzima imemwelemea. Halihami. Hukaa kwa jozi: mkono wa kulia na wa kushoto, vifundo vya vidole, vifundo vya mikono, nyayo. Maungio ya mwisho kabisa karibu na kucha aghalabu huachwa. Asubuhi mwili hukakamaa kwa nusu saa, saa nzima, hata zaidi. Na hili nalo hufika moyoni, ila kwa njia nyingine.

Jina lenyewe hutupotosha. Kwa kuwa tumesema ni baridi, mama huvaa sweta, huacha kufua kwa maji ya asubuhi, hulala na soksi, akidhani amejikinga. Lakini hebu shika kifundo cha mkono kilichovimba. Kina joto. Huu ni ugonjwa wa moto. Askari wa mwili, waliowekwa kutulinda na vijidudu, wamegeuka wakaanza kuushambulia utando laini unaofunika maungio kwa ndani. Utando huvimba, na miaka ikipita hula mfupa. Sasa askari hao hawakai kidoleni tu. Wao na kemikali wanazozimwaga husafiri katika damu, na damu hiyo hupita mchana na usiku katika mishipa inayoulisha moyo. Mishipa huchubuka kwa ndani pole pole. Penye mchubuko mafuta hunasa, njia huwa nyembamba, na siku ile mafuta yaliyogandamana yanapopasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Chama cha madaktari wa magonjwa haya barani Ulaya, EULAR, katika mwongozo wake wa 2015/2016 kiliwaambia madaktari wachukue hatari ya moyo ya mtu wa kawaida, kisha waizidishe mara moja na nusu kwa mwenye baridi yabisi. Tuseme hivi kwa mfano: kama kati ya wanawake 100 wa umri na hali moja tungetazamia 4 wapatwe na ugonjwa wa moyo, basi kati ya 100 wenye baridi yabisi tutazamie 6. Si kwamba kila mwenye vidole vilivyopinda atakufa kwa moyo, la hasha. Wengi hawapatwi. Lakini wale wawili wa ziada ni mama wa mtu.

Mmoja wao tunamjua.

Alikuwa fundi cherehani na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, mwenye miaka 46. Siku moja baada ya ibada ya akina mama alitushika mkono akasema, "Sista, mikono yangu imenikataa." Tuliiangalia. Ilikuwa imevimba yote miwili. Tukamwambia ni baridi yabisi, jambo ambalo lilikuwa kweli, tukampa diklofenaki, jambo ambalo lilimpa nafuu siku ile ile. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Hatukumwandikia barua ya kwenda kwa daktari. Kwa kuwa dawa ile huuzwa duka la dawa, alijinunulia mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa karibu miaka miwili. Kila tulipoonana tulimwuliza, "Vidole vinaendeleaje?" Hatukumwuliza juu ya kitu kingine. Presha yake hatukuipima hata mara moja katika miaka hiyo, na kipimo cha presha kilikuwa nyumbani kwetu, kabatini.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai tulikuwa tukimenya ndizi za harusi nyuma ya kanisa. Alipanda na ndoo ya maji kutoka bombani, akaitua, akakaa juu ya kinu. "Sista, leo baridi imenipanda begani hadi kwenye taya." Alikuwa akitoka jasho, na Julai kwetu watu huota moto. Kisha akatapika. Mmoja akasema ni chai ya rangi juu ya tumbo tupu, mwingine akasema ni kiungulia cha dawa. Sisi, tulio na diploma ya uuguzi, tulimchua bega kwa dawa ya kuchua, tukampa diklofenaki nyingine, tukamtandikia mkeka alale. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Saa kumi jioni mumewe alikuja, akamwona amekuwa na rangi ya majivu, hakuuliza mtu, akaita teksi.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mshtuko wa moyo. Alipona, tunashukuru. Lakini sehemu ya msuli wa moyo wake ilikufa katika zile saa sita za mkeka. Sasa anaimba ameketi, na mstari mrefu wa wimbo humkatisha pumzi. Hakutulaumu. Tungependa angetulaumu.

Tumelieleza hili ili mama msomaji aone mtego ulipo. Dalili za moyo kwa mwanamke mara nyingi hazifanani na zile za kwenye sinema, mwanamume akishika kifua na kuanguka. Mwanamke huweza kupata kubanwa kifua kama wenzake, lakini pia huweza kuhisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, kukosa pumzi, maumivu ya mgongo, bega, mkono au taya. Na mwenye baridi yabisi ameyazoea yote hayo! Bega humwuma kila juma. Taya huweza kumwuma, kwa maana nalo lina ungio. Uchovu ni sehemu ya ugonjwa wake. Tumbo huwaka kwa ajili ya dawa. Tena kwa kuwa magoti hayamruhusu kutembea haraka wala kupanda mlima, moyo wake haujaribiwi, hivyo haulalamiki mapema. Moyo unapopiga kelele, sauti yake hupotea katika kelele za maungio.

Mtu atatofautishaje? Hakuna kanuni isiyokosea, lakini tunatumia hizi. Ungio linalouma huzidi kuuma ukilibonyeza au ukilizungusha, na aghalabu utaona uvimbe. Maumivu ya moyo hayajali ukibonyeza bega. Huja ukipanda na ndoo au ukigombana na mtu, na hupungua ukiketi. Yakija pamoja na jasho la baridi, kutapika au pumzi fupi, usingoje yapungue. Usichue. Tafuta usafiri uende hospitali saa ile ile. Kama mgonjwa yu macho, hana mzio wa aspirini, wala vidonda vya tumbo, wala ugonjwa wa kutoka damu, atafune aspirini moja ya miligramu 300 wakati mnangojea gari.

Yapo mambo mengine mawili ambayo ugonjwa huu huufanyia moyo. La kwanza, moto huweza kuushika mfuko unaoufunika moyo, na maji yakajaa humo. Maumivu yake ni makali kama ya kisu, huzidi ukilala chali na hupungua ukiketi na kuinama mbele. La pili ni moyo wenyewe kudhoofu usiweze kusukuma damu vya kutosha. Hapa miguu huvimba, na kila mtu husema ni baridi yabisi. Bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, hesabu mpaka kumi, kisha ondoa. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Na kama siku hizi unahitaji mito miwili au mitatu ili upumue usiku, au unaamka ukitafuta dirisha, mwambie daktari maneno hayo hayo, wala usitaje vidole kwanza.

Dawa za kutuliza na dawa za kuzima

Hapa ndipo penye uzito wote, nasi tunaomba mama asome pole pole. Dawa za baridi yabisi si za aina moja. Ziko zinazotuliza maumivu, na ziko zinazozima moto wenyewe. Mama yule wa kwaya alipewa za kutuliza tu. Ni sawa na kuziba masikio ng'ombe wanapolia zizi likiungua.

Diklofenaki na jamaa zake hupunguza maumivu na uvimbe kwa saa chache, lakini haziuzuii ugonjwa kula mifupa. Tena zenyewe zina deni na moyo. Hupandisha presha, huufanya mwili ushike maji, na diklofenaki hasa imeonekana kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2013 shirika la dawa la Ulaya lilionya kwamba isitumiwe na watu ambao tayari wana ugonjwa wa moyo. Hatusemi mama asiimeze kamwe. Kwa siku chache, kwa dozi ndogo, kwa maelekezo, inasaidia. Lakini kuinunua kama chumvi, miezi nenda miezi rudi, hapana.

Prednisoloni ina historia ya kupendeza. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi dawa mpya iitwayo kotisoni, ambayo ni ndugu yake. Siku chache baadaye alikuwa akitembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Ndipo gharama ikaanza kuonekana: uso kuvimba kama mwezi, presha, sukari, mifupa kulainika. Leo madaktari huitumia kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Lakini aliyeitumia kwa majuma mengi asiiache ghafla, maana mwili umesahau kujitengenezea ya kwake. Na tukiwa hapa, zile dawa za kienyeji za unga zinazouzwa stendi ambazo "zinaponya baridi yabisi kwa siku tatu", nyingine za namna hiyo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa zimechanganywa na dawa za jamii hii ya prednisoloni. Nafuu ya ghafla namna hiyo iwatie shaka.

Dawa ya kuzima moto inayotumika zaidi ni methotreksati, ile ile aliyopewa mama wa barua. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo; mpe majuma sita hadi kumi na mbili. Wengi huiacha katika juma la tatu wakisema haina nguvu, wakarudi kwenye diklofenaki. Wasivumilie kidogo? Maana wagonjwa wanaoitumia wameonekana kupata matatizo ya moyo machache kuliko wasioitumia, na hiyo ni kwa sababu moto katika damu umepungua. Humezwa MARA MOJA KWA JUMA, si kila siku. Kuimeza kila siku kumewaua watu. Chagueni siku, iandikwe kwenye kalenda ya jikoni, na mtu mwingine nyumbani aijue siku hiyo. Daktari huongeza vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara, na damu na ini hupimwa kila mara. Pombe haiendi nayo. Pia kila muuguzi au daktari atakayekutibu kwa lolote, hata kikohozi, aambiwe kwamba unaitumia, kwa sababu ikikutana na Septrin, ambayo hapa kwetu hutolewa kwa mambo mengi, huweza kuharibu damu vibaya.

Basi mama afanye nini kwa ajili ya moyo? Kwanza apimwe. Presha hupimwa hata zahanati. Sukari vivyo hivyo katika vituo vingi. Kipimo cha mafuta katika damu kina jambo la ajabu: moto ukiwa mkali, kolesteroli huweza kuonekana ya chini, mama akafurahi bure. Ni vizuri kikafanywa wakati ugonjwa umetulia. Madaktari wa Ulaya tuliowataja wanashauri hatari ya moyo ikadiriwe upya angalau kila miaka mitano, na tena dawa zinapobadilishwa sana. Mwenye dalili daktari atampeleka kwenye kipimo cha umeme wa moyo na kile cha eko. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hospitali kubwa za rufaa hupima, lakini hakuna haja ya kuanzia huko. Anza na ile mashine ya presha iliyo karibu.

Mengine mnayajua, tumeyaandika mara nyingi: chumvi ipungue, mafuta ya kupikia yapungue, samaki na dagaa waongezeke, sigara na ugoro viachwe. Moshi wa kuni nao haukusahauliwa; unaumiza mapafu na moyo pia, kwa hiyo kama dirisha la jiko ni dogo, litobolewe lingine. Siku maungio yametulia mama atembee, hata mwendo wa kwenda kanisani na kurudi. Siku yanawaka apumzike bila kuitwa mvivu. Akina baba watusamehe, lakini blanketi lililolowa halikamuliwi na vidole vya namna hii, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mikono ya mwanamume haiwezi kukamua.

Baada ya yale ya mkeka, sisi tumetoa kipimo cha presha kabatini. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunapima akina mama wote kabla ya maombi, na mwenye vidole vilivyovimba tunamwuliza maswali manne: unapumuaje usiku, miguu inavimba, kifua au taya vinabana ukipanda na mzigo, na ni vidonge gani unavyojinunulia? Kwa swali la nne wengi huinamisha kichwa. Mwezi wa kwanza tulipata wanne wanaokula diklofenaki kila siku, mmoja wao akiwa na presha ambayo hatukumruhusu kurudi nyumbani kabla ya kupita hospitali.

Sasa lile swali la herufi ndogo. Mama ameuliza kama anaweza kuzaa mtoto wa tatu, kwa maana mumewe anamtaka, naye anamtaka, na jirani amemwambia aache vidonge kimya kimya.

Ndiyo, wengi wenye baridi yabisi huzaa salama. Lakini methotreksati huharibu mimba na kumlemaza mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ni lazima iachwe kabla. Madaktari wengi hushauri miezi mitatu kabla ya kuanza kutafuta mtoto, na wakati wote huo mtumie uzazi wa mpango. Kuiacha kimya kimya ni kuurudishia moto nyumba, pamoja na moyo. Zipo dawa nyingine za kuzima, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo mama mjamzito huweza kuendelea nazo, na daktari atakuhamishia huko, kisha ataangalia presha yako na moyo wako kabla hujabeba mzigo mwingine. Mwende wote wawili, wewe na baba watoto, na mchukue ile karatasi ya dawa zako zote, hata zile za dukani. Mwende kabla hujakosa siku zako, si baada.